Mfuo wa Gaetano

Mama aliniambia Jumapili jioni, tukiwa tunachambua mchele, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi.

"Night, kabla sijapanda basi la Arua, nipeleke jebel."

Jebel ni mlima. Hapa Juba kila mtu akisema jebel ana mlima wake moyoni, na wa kwetu ni Korobe, ule mwekundu wa upande wa magharibi unaoonekana kutoka mtaani kwetu Nyakuron asubuhi ukitoka nje kumwaga maji. Si mrefu. Ni mawe ya mchanga tu yaliyopangana, tabaka juu ya tabaka, mekundu, ya njano, mekundu tena. Ukilikwaruza jiwe lake kwa kucha, linaacha unga.

"Mama, basi ni Jumanne ya wiki ijayo."

"Ndiyo maana nakuambia leo."

"Utapandaje?"

"Kwa miguu. Kwani wewe huwa unapandaje?"

Binti yangu Milly, wa miaka minne, akacheka. Haboba wake, yaani bibi yake, akisema chochote lazima acheke.

Mimi sikucheka. Macho ya mama yalikuwa yameshika ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili. Alisema ni kama kuangalia dunia ukiwa ndani ya chandarua. Mwanga aliuona, kivuli alikiona, kitambaa chekundu ukikileta karibu alikiona. Mchele alikuwa anauchambua kwa vidole, na ukweli lazima niuseme, rundo la vijiwe alivyotoa lilikuwa kubwa kuliko langu. Kaka yangu Erifazi alikuwa amemtafutia nafasi ya upasuaji kule Arua, Uganda, anakoishi. Daktari alisema macho yatafunguka. Mama alisema daktari ni mtoto mzuri, lakini yeye ameshaona watu wakienda kutibiwa na kurudi wamebebwa.

"Nikienda bila kuufungua mfuo wa baba yako," akasema, "nikibaki kipofu, au nikibaki huko kabisa, nani ataufungua?"

Jibu nilikuwa nalo. Hakuna.

Juu ya Korobe kuna jiwe moja pana kama uwanja wa kanisa, tunaliita Kinoo. Watu wa mlima ule walikuwa wanapanda kwenda kunolea visu, panga na majembe yao pale, na kila familia ilikuwa na mfuo wake, mstari uliochimbika kwenye jiwe kwa miaka ya kunoa mahali pamoja. Hunoi kwenye mfuo wa mwenzako. Na mwenye mfuo akifa, haunolewi tena na mtu yeyote mpaka mjane wake apande na kisu, apitishe mara tatu, aufungue. Baba yangu, Gaetano, alikufa mwaka wa 2019 kwenye makazi ya wakimbizi, mbali na jiwe lile. Mfuo wake ulikuwa umefungwa tangu siku hiyo. Sisi tulikuwa tumeshapata miaka mitatu tangu turudi Juba, na kila mama alipotaja jebel mimi nilikuwa na la kusema. Mtoto bado mdogo. Nina darasa la jioni. Mvua. Jua. Baba Milly yuko safarini na lori. Wakati huo wote ukungu ulikuwa unaingia machoni mwake kidogo kidogo.

"Ijumaa," nikasema.

"Ijumaa," akajibu, akaendelea na mchele wake.

*

Nina haja ya kueleza njia ile ilivyokuwa, kwa sababu nikifunga macho ndiyo ninayoiona kabla ya kitu kingine chochote cha utotoni.

Tulirudi kutoka Uganda mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa. Mwaka 2007. Baba alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa anakusanya visu vya wiki nzima ndani ya gunia, analibeba begani, anatuita. Tulikuwa tunaingia mlimani kupitia Mlango, mawe mawili yaliyosimama yakitazamana, nafasi ya mtu mmoja tu katikati. Halafu Ngazi, mahali ambapo tabaka za jiwe zimevunjika zenyewe kama vidato, na pimbi wanatoka kukutazama wakijua huwawezi. Halafu Kibanda, mwamba ulioinama juu ya njia, wenye mistari ya rangi ya chungwa ndani yake, baridi hata mchana wa Februari. Hapo tulikuwa tunakunywa maji. Halafu mteremko mdogo wenye mti wa lulu, ule wa mafuta, na mwisho Kinoo, na Juba yote chini yako.

Majina hayo aliyatoa baba. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyeyatumia.

Siku hizo vita vilikuwa vimekwisha, lakini mlima ulikuwa bado na mabomu yaliyotegwa ardhini. Wenyeji walikuwa wameyajua baadhi kwa bahati mbaya za watu na za mbuzi. Kila njia mbaya waliifunga kwa mawe, jiwe juu ya jiwe, katikati ya njia. Baba mwenyewe alifunga nyingi. Kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa nimejua hilo, kwamba ukiona jiwe juu ya jiwe, hapo huendi. Alitufundisha kwa mchezo. Tukiwa tunatembea, ghafla anapiga kelele, "Korongo!" na sisi tunasimama papo hapo kwa mguu mmoja kama ndege korongo, mwingine hewani, mpaka aseme "Ruka!" Atakayeshusha mguu kabla anabeba gunia. Erifazi alilibeba sana gunia lile.

Mwaka 2016 tukakimbia tena. Tuliporudi mara ya pili baba hakuwepo. Wategua mabomu walikuwa wameshaupitia mlima wote, wakamaliza, na chifu alipewa karatasi inayosema hivyo. Karatasi hiyo niliiona kwa macho yangu. Lakini karatasi iko nyumbani kwa chifu, na mguu uko kwangu.

*

Jumatano darasani nilimwambia Harriet, tunayekaa naye dawati moja. Tunasoma wote jioni kule Atlabara, yeye biashara inamngoja, mimi mtoto ananingoja, kwa hiyo tunaongea haraka haraka mwalimu akigeuka.

"Unampeleka mama asiyeona mlimani?" akanong'ona. "Wewe una kichwa kweli?"

"Anaona kivuli."

"Basi mpeleke akaone kivuli cha mwembe hapo nje, mrudi."

Lakini alikuwa na furaha kwa ajili yangu. Alitoa simu chini ya dawati akanionyesha picha. Kumbe kikundi chao cha matembezi, vijana wa ofisini na wa chuo wanaotembea kila Jumamosi, kilikuwa kimeanza kwenda Korobe mwezi ule. Harriet amekaa kwenye Ngazi. Harriet na kofia. Harriet ameegemea rundo la mawe, amenyoosha vidole viwili. Mimi sikumtazama Harriet. Nilikuwa natazama nyuma yake, lile jiwe jekundu.

"Njia bado iko?"

"Iko, dada. Tunaifuata vizuri tu."

Mwalimu akageuka. Nikainamia daftari.

*

Ijumaa Lubega alitufikisha chini ya mlima kwa pikipiki, sote watatu nyuma yake, Milly katikati yangu na mama. Lubega ni Mganda wa Masaka, ndiye anayetupeleka sokoni siku zote, na mama anampenda kwa sababu haendeshi kama anafukuzwa.

"Madamu Night, mimi nakuja saa kumi," akasema. "Lakini mama mzee, huko juu iko nini? Hata mbuzi anachoka."

"Kuna mume wangu," mama akamjibu.

Lubega akawasha pikipiki, akaondoka taratibu.

Nilibeba maji, chupa ya chai na mahindi ya kuchemsha. Mama alikuwa na mkoba wake wa kitenge na hakutaka niubebe. Ulikuwa mzito upande mmoja. Nilijua kuna nini.

Tulipofika Mlango nilitaka kulia na kucheka. Ulikuwa mdogo! Nilikuwa nimeubeba kichwani miaka yote kama lango la jiji, na sasa nilipita nikiwa nimejibana nyonga. Mama alishika jiwe la kulia kwa kiganja chote, akapita kama anayeingia chumbani kwake. Milly alipita mara tatu, kwenda na kurudi, kwa sababu alitaka.

Kwenye Ngazi mama alinishika bega. Nilikuwa namhesabia vidato, na kila nilipokosea aliniambia. "Hiki ni kirefu," alikuwa anasema kabla sijasema. Jua la saa tatu lilikuwa linapiga mwamba na rangi zote zilikuwa zimeamka. Mwalimu wa jioni alitueleza kwamba jiwe la namna hii lilikuwa mchanga zamani sana, mchanga uliotulia chini ya maji mpaka ukashikana. Nikamwambia mama. Akafikiri kidogo.

"Basi Juba yote ikitulia nayo itakuwa mlima," akasema.

Milly alikuwa mbele yetu, anaruka. Nilimfundisha korongo. Alisimama kwa mguu mmoja ulimi nje, akaanguka, akasimama tena.

Hapo tukafika penye njia panda, na mimi nikasimama kwa mguu mmoja bila kuambiwa na mtu.

Njia ilikuwa inagawanyika. Ya kushoto ilipanda kati ya majani makavu. Ya kulia ilizunguka mwamba. Katikati ya ile ya kushoto, jiwe juu ya jiwe.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Njia panda. Ya kushoto imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Mawe, mama. Jiwe juu ya jiwe."

Mama akageuza uso upande ule, akatafuta kivuli, hakukiona. "Mimi nakumbuka tulikuwa tunapita kushoto," akasema polepole.

Mimi pia nilikumbuka hivyo. Au nilidhani nakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na minane tulipokimbia, na nilikuwa nimeacha kupanda na baba tangu nikiwa na kumi na tano, siku ambazo msichana anaona haya kubeba gunia la visu. Labda baada ya hapo aliona kitu akafunga. Nikamshika Milly mkono, nikamvuta.

"Tunapita kulia," nikasema.

*

Njia ya kulia ilikuwa nzuri na pana, na hapo ndipo ningepaswa kujua. Njia ya zamani haiwi pana namna hiyo. Tulitembea karibu nusu saa, magoti ya mama yakaanza kumwuma, akawa anapumua kwa mdomo lakini hasemi. Kisha nikasikia nyundo. Tukazunguka mwamba wa mwisho na ardhi ikaisha.

Mlima ulikuwa umekatwa kama mkate. Chini, mbali, wanawake walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya magunia wanapasua mawe, na juu, karibu na ukingo, mmoja alikuwa anajaza kokoto kwenye ndoo. Mwanamke mrefu mwenye leso nyeupe kwa vumbi. Aliona mtoto akainuka haraka.

"Simameni hapo hapo! Mshike mtoto!"

Nilikuwa nimeshamshika. Akatusogelea, akatusalimu, akasema anaitwa Nyamuoch, anakuja kila siku kutoka Mangateen.

"Mnakwenda wapi?"

"Kinoo. Juu."

"Hapa hakuna njia, dada. Njia tumeila." Alisema akionyesha shimo kwa kidevu, akacheka, halafu akaona uso wa mama na cheko likakatika. "Malesh, mama. Samahani. Ni kazi."

"Si kosa lako," mama akasema. "Jiwe linalisha watu. Nilikuwa nalijua tangu zamani."

Nyamuoch alitupa nafasi chini ya gunia lake, tukanywa chai naye. Alimpa Milly kokoto moja yenye mstari wa njano. Nilipomwuliza kama wanapasua kuelekea juu, alisema hapana, mwamba wa juu ni laini mno, unavunjika unga, matajiri wa majengo hawautaki. Nilishukuru kimoyomoyo. Lakini muda ulikuwa unakwenda, na mama alikuwa amekaa na mkoba wa kitenge mapajani, anaushika kwa mikono miwili.

"Mama," nikasema. "Turudi nyumbani. Ukitoka Arua tutakuja tena. Nakuahidi."

Alimaliza chai, akamrudishia Nyamuoch kikombe, akasimama.

"Nipeleke kwenye mawe," akasema.

*

Sijawahi kugombana na mama mbele ya Milly. Siku hiyo, tuliporudi penye njia panda, nilikaribia.

"Mama, hapana! Umeniambia wewe mwenyewe, na baba, miaka yote. Jiwe juu ya jiwe hatupiti."

"Sijasema nipite. Nataka kuyashika."

"Hapana."

"Night. Mawe hayaui mtu. Aliyeyaweka aliyaweka kwa mikono yake, akarudi nyumbani akala. Shika mtoto wako, kaa nyuma."

Nilimshika Milly kwa nguvu mpaka akasema naumia. Mama alienda kwa kuburuta miguu, mkono mbele, mpaka vidole vikagusa. Akapiga magoti. Alikuwa anayashika mawe yale kama alivyoushika mchele Jumapili, moja moja, akiligeuza, akilipima.

"Mangapi haya?" akauliza, lakini alikuwa anajiuliza mwenyewe. "Moja, mbili... matano. Kubwa chini, dogo juu. Kama sufuria dukani." Akanusa vidole. "Baba yako alikuwa anaweka mawili, Night. Mawili tu. Hakuwa na muda wa kupamba."

"Labda ni mtu mwingine aliyefunga."

"Labda. Njoo unitazamie."

"Mama..."

"Njia hii hii uliyosimama ndiyo itakayokuleta. Njoo."

Nilimsimamisha Milly juu ya jiwe kubwa, nikamwambia korongo, usishuke mpaka mama aseme ruka. Nikaenda kwa kukanyaga mahali mama alipokanyaga.

Mama alinipa jiwe la juu mkononi. "Unaona kona zake? Zinakata. Jiwe la Korobe likilala nje mvua kumi, kona zinakwisha, linakuwa kama sabuni. Hili limevunjwa juzi. Limetoka kule kwa yule binti." Halafu akainua la chini kabisa, kwa shida, akaliegemeza kwenye goti. "Sasa chini yake. Kuna nini?"

Niliinama. Chini ya jiwe majani yalikuwa yamelala, yamekuwa meupe na ya njano, lakini yalikuwa hai. Kisisimizi kilikuwa kinapita.

"Majani," nikasema. "Yamefifia. Hayajafa."

"Basi hayana hata mwezi mmoja chini ya hilo jiwe. Baba yako ana miaka mingapi kaburini?"

Nilikaa chini pale pale. Nilimwona Harriet, kofia, vidole viwili, ameegemea rundo la mawe. Tunaifuata vizuri tu. Vijana wa Jumamosi, waliozaliwa Kampala na Nairobi na Khartoum, waliojifunza kutembea milimani kutoka kwenye simu zao, walikuwa wamepanga mawe katikati ya njia ili kumwambia anayekuja nyuma: pita hapa. Na mimi, mtoto wa Gaetano, nilikuwa nimeyasoma kama nilivyofundishwa, nikampeleka mama yangu kipofu na mtoto wangu wa miaka minne mpaka kwenye ukingo wa shimo.

Nilimweleza mama. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kushika ardhi.

"Gaetano angewachapa," akasema akifuta macho. "Halafu angewapikia chai."

"Mamaaa!" Milly akaita kutoka juu ya jiwe lake, mguu unatetemeka. "Niruke?"

Nilitazama njia ya kushoto. Akili ilikuwa imeelewa yote, na karatasi ya chifu ilikuwa imeelewa zamani, lakini mguu wangu haukutaka. Nikavuta pumzi, nikatangulia. Hatua moja, ya pili, ya kumi. Majani yalikuwa yanalia chini ya viatu. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama kando ya mawe, amenyoosha mkono akinisubiri.

"Ruka!" nikamwambia Milly.

*

Kibanda kilikuwa pale pale, baridi yake ile ile. Mti wa lulu ulikuwa umekatwa, umebaki kisiki. Halafu jiwe pana.

Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha mama mfuo, kwa sababu niliujua vizuri: wa tatu kutoka kwenye kivuli cha mti. Lakini hapakuwa na kivuli tena, na mifuo ilikuwa mingi kuliko nilivyokumbuka, imejaa mchanga na majani, yote inafanana. Nilizunguka nikihesabu, nikaanza upya, nikachanganyikiwa.

Mama hakuningoja. Alikuwa ameshavua viatu, ametambaa kwa mikono na magoti juu ya Kinoo, anapitisha kiganja kwenye kila mfuo mpaka mwisho wake. Milly alidhani ni mchezo, akawa anatambaa nyuma yake. Mama alikuwa anataja majina, huu wa akina fulani, huu wa mzee fulani, wengine nawajua, wengi hapana. Kwenye mmoja akasimama. Alirudisha mkono mwanzo, akaupitisha tena.

"Weka kidole chako hapa," akaniambia. "Mwisho wake."

Niliweka. Mfuo ulikuwa umenyooka kama mingine, lakini mwishoni ulijikunja kidogo kwenda kulia.

"Mkono wa kushoto," mama akasema. "Hakuna mwingine aliyekuwa ananoa kwa mkono wa kushoto."

Nilikuwa nimesahau. Sijui mtu anasahauje kitu kama hicho. Nilikaa na kidole changu kwenye ule mkunjo, na baba alikuwa amerudi, bega moja chini, gunia pembeni, anaimba kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

Mama alitoa mchanga kwa vidole, akaosha mfuo kwa maji ya kunywa, yote, hata sikuthubutu kusema tubakize kidogo. Kisha akafungua mkoba, akafunua kitambaa, akatoa kisu cha jikoni kwetu, kile chenye mpini wa mbao kilichofungwa waya, ambacho asubuhi nilikuwa nimekitafuta nikakikosa, nikakata mahindi kwa meno. Akakilaza. Akapitisha mara ya kwanza, sauti ikatoka kavu, kama mtu anayekohoa baada ya kunyamaza muda mrefu. Mara ya pili. Mara ya tatu alisema jina lake, jina tu, Gaetano, bila kulia.

"Kalas," akasema. "Umefunguka. Njoo wewe."

Nilinoa mimi. Halafu nikamweka Milly mapajani, mkono wangu juu ya mkono wake, na tukanoa pamoja taratibu. Alikuwa makini sana, midomo imebanwa. Unga mwekundu ulijaa vidoleni mwake, akauonja.

"Niambie unaona nini," mama akasema, uso umeelekea Juba.

"Mabati, mama. Mengi yanang'aa. Ndege inashuka. Na mto uko kushoto kule, unameremeta..."

"Mto uko kulia."

Nikatazama tena. Niliyoiona kushoto ilikuwa barabara, ina magari. Mto ulikuwa kulia.

*

Tulipokuwa tunashuka, kwenye njia panda, nilimpa Milly jiwe moja nikabeba la pili. Tukaenda kwenye njia ya kulia, ile pana inayoishia kwenye shimo, nikaweka langu katikati, na yeye akaweka lake juu. Mawili tu. Ya vijana nikayatawanya kando ya njia.

Lubega alikuwa amefika kabla ya saa kumi. "Mume iko salama?" akamwuliza mama kwa adabu.

"Salama sana," mama akasema. "Anakusalimu."

Jumanne mama akapanda basi.

Nilimweleza Harriet darasani, na alikaa ameziba mdomo kwa daftari hata mwalimu akamwuliza kama anaumwa. Siku ya Jumamosi vijana walifunga vipande vya kitenge kwenye vichaka badala ya kupanga mawe, na Harriet akaniomba niende nao mara moja niwaambie majina ya mahali. Nimekubali. Nimeyaandika kwenye daftari yasije yakanichanganya: Mlango, Ngazi, Kibanda.

Jana, wiki ya tatu, Erifazi alipiga simu akampa mama. Jicho la kwanza lilikuwa limefunguliwa bandeji.

"Nimemwona kaka yako," mama akasema. "Amenenepa. Hakuna aliyeniambia."

Nilikuwa nakata nyanya, simu begani, nikabaki nacheka na kulia juu ya nyanya.

"Na kisu?" akauliza. "Bado kinakata?"

Nilimwambia ukweli. Kimeanza kuwa butu, nyanya inapondeka. Nimefikiria kukinoa kidogo tu kwenye kizingiti cha saruji, kama majirani wanavyofanya.

"Kiache," akasema. "Kiache hivyo hivyo, Night. Wamesema jicho la pili ni Alhamisi. Nakuja."